Basi la Bi Tima Likalale kwa Nani?

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za majini na masultani, ni zamani hizi hizi za juzi, simu zipo na bando zishapanda bei, palikuwa na mji mdogo wa pwani ukiitwa Mkandaani. Mji ulikuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kuuingia. Ulikuwa na msikiti wa minara miwili. Ulikuwa na vijana wenye digrii waliojaa barazani kama madafu yaliyokosa mnunuzi. Ulikuwa na kamati za maendeleo nyingi kuliko maendeleo yenyewe. Lakini barabara? Barabara ilikuwa moja, ya udongo, imekatiza uwanda wa tope kutoka mjini hadi lami ya barabara kuu. Na barabara hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni bahari.

Siku za kawaida bahari ilikaa kando, ikajifanya haioni. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio kwanza umeandama, maji yalipanda alasiri, yakafunika uwanda mzima, barabara na tope vikawa kitu kimoja, kioo kitupu. Ukitoka nje ya barabara hapo, si suala la kulowa miguu. Tope la Mkandaani humeza gari mpaka vioo.

Sasa watu wafanye nini? Wangoje serikali? Walingoja. My friend, walingoja mpaka kungoja kwenyewe kukachoka. Kisha wakafanya lao. Wakakata boriti za mikoko, wakazichimbia ukingoni mwa barabara, upande mmoja, mwanzo hadi mwisho. Kila nyumba na nguzo yake, kila nguzo na nyumba yake. Ikioza, nyumba yako ndiyo huibadilisha. Ikianguka, aibu ni yako. Dereva akifika majini hutazama nguzo tu: nguzo kushoto, barabara kulia, twende. Hakuna feasibility study, hakuna consultant wa kulala hotelini.

Na bibi harusi akiolewa Mkandaani, kabla hajaonyeshwa jiko, mama mkwe humshika mkono akampeleka barabarani. Humwambia, "Hii ndiyo nguzo yetu. Ishike." Akishaishika, ni mtu wa nyumba ile. Asiyeonyeshwa nguzo ni mgeni, hata akizaa timu nzima ya mpira.

Basi nalo lilikuwa moja, la Bi Tima Shebwana, mjane mwenye ulimi wa wembe. Basi lile lilikuwa likilala mlangoni kwake, hapo njia panda, mji unapoanza. Na Mkandaani palikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyeipitisha na kila mtu aliijua: basi linapolala ndipo barabara inapofika. Kwani njia ya kulifikia husawazishwa, mashimo hujazwa kifusi, watu hufungua vibanda vya chai, na ugonjwa ukibisha hodi usiku, aliye jirani na basi ni jirani na hospitali. Aliye mbali na basi? Huyo hubebwa kitandani, na hao wabebaji kwanza awapate.

Haya. Siku moja ikaja habari: Mheshimiwa anakuja kuzindua barabara ya lami. Tena. Nasema tena kwa sababu jiwe la msingi la kwanza wanawake walikuwa wakilifulia nguo, na la pili watoto walilifanya goli. Sasa linakuja jingine. Na Mheshimiwa angekuja na helikopta. Hebu lifikirieni jambo hilo polepole. Mtu anazindua barabara kutokea mbinguni.

Katibu wa kamati ya mapokezi alikuwa Shee Athmani, mwajiriwa wa wadi kwa mkataba, mtu wa kizibao na kalamu mbili mfukoni. Akaletewa binti wa protokali kutoka makao makuu. Binti akalitazama hema la plastiki, akakunja pua.

"No, no, no. Tunataka kitu cha asili. Kitu authentic. Zile nguzo nimeziona kule njiani, zile ni nzuri sana."

"Zile zina kazi, dada," Shee akasema.

"Kazi gani?"

"Ni za barabara."

"Si ndiyo hiyo barabara tunakuja kuizindua?"

Shee akakosa jibu. Na mtu wa mkataba akikosa jibu, husema ndiyo. Akapita mitaani na kipaza sauti: kila nyumba ing'oe nguzo yake iilete uwanjani. Watu wakanung'unika. Wakasema, "Shee, kesho ni bamvua." Shee akasema, "Kesho nani anasafiri? Mji mzima utakuwa uwanjani unakula pilau. Keshokutwa tunazirudisha." Wakaona maneno yana akili. Kila nyumba ikang'oa nguzo yake kwa mkono wake. Zikaoshwa matope, zikapakwa chokaa, zikavikwa tepe na maputo ya zambarau, zikasimamishwa uwanjani, juu yake paa la makuti. Wakubwa wakapata kivuli.

Mnacheka? Chekeni. Watu waling'oa barabara waliyokuwa nayo ili wamjengee kivuli mtu aliyekuja kuwaahidi barabara.

Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi. Akatua alasiri, maji yameshakaa uwandani yametulia kama wageni waliokwisha kula. Na alasiri hiyo hiyo, Riziki, binti wa Bi Tima, mtoto pekee aliyembakia, alikuwa amelala ubavu akiuma ncha ya leso. Uchungu ulimshika tangu alfajiri na mtoto hakushuka. Nesi wa zahanati akanawa mikono, akamwita Bi Tima pembeni.

"Mtoto amekaa vibaya. Huyu wa kupasuliwa, na hapa hatupasui mtu. Ng'ambo, hospitali, sasa hivi."

"Tungoje maji yapwe?"

"Ukingoja maji yapwe, Bi Tima, utavusha maiti wawili."

Mashua? Hospitali iko bara, juu ya lami, na katikati ni tope na mikoko. Mashua haipandi lami. Palikuwa na basi tu, na ufunguo wa basi alikuwa nao Faki, mpwa wake Bi Tima, kijana wa miwani ya jua hata gizani. Faki akaenda mpaka ukingo wa maji. Akatazama. Hapakuwa na nguzo hata moja, kioo kitupu kutoka huku hadi kule.

"Shangazi," akasema, "mimi kwa kweli leo tumbo linaniuma." Akamtia ufunguo mkononi, akapotea. Mpaka leo sijui ni tumbo gani lile linalouma na miguu ikakimbia.

Bi Tima akakimbilia uwanjani. Helikopta hiyo pale, imekaa kama panzi. Akamwendea binti wa protokali, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, binti yangu anakufa na mtoto tumboni. Ndege hii ni dakika tu mpaka ng'ambo. Nakuomba kwa Mola wako."

"Mama, pole sana, jamani. Lakini ndege ina ratiba."

Na huko juu ya jukwaa, vipaza sauti vinanguruma, Mheshimiwa anasema, "Mama na mtoto ndio nguzo ya taifa hili!" Makofi.

Bi Tima hakulia. Akapanda jukwaani, walinzi hawajajua waanzie wapi kumshika mtu mzima wa buibui, akamnyang'anya Mheshimiwa kipaza sauti mkononi. Sauti yake ikatoka kwenye maspika ya kukodi ikafika kila mtaa uliofikiwa na maspika.

"Watu wa Mkandaani, nisikieni! Naweka nadhiri, na Mungu ndiye shahidi. Atakayemvusha Riziki akafika ng'ambo mzima, basi langu litahama kwangu, litalala mlangoni kwake mpaka siku nitakayokufa. Mlangoni kwake! Nimemaliza."

Akarudisha kipaza sauti kwa adabu, akashuka.

Sasa sikilizeni walivyotokea watu watatu.

Wa kwanza, Shee. Shee alikuwa amesimama nyuma ya viti vya wakubwa, jasho limelowesha kizibao. Alizitazama nguzo zilizopakwa chokaa. Alimtazama Mheshimiwa, ambaye alikuwa ndio kwanza anasema, "Tukiendelea, barabara hii..." Akachukua panga la kukatia madafu ya wageni. Akakata kamba ya kwanza. Akakata ya pili. Paa la makuti likashuka juu ya itifaki nzima: Mheshimiwa, wapambe, binti wa protokali, chupa za maji baridi, vyote chini ya makuti. Shee akapaza sauti, "Kina mama, nguzo zenu hizo! Kila nyumba ichukue nguzo!" Hapo hapo mlinzi akamfikia, akaupinda mkono wake mpaka ukalia kama kuni kavu. Lakini wanawake wa Mkandaani, waliovishwa leso mpya za sare wamchezee Mheshimiwa ngoma, walikuwa wameshaingia chini ya makuti, na kila mmoja alitoka na nguzo begani, maputo yanapeperuka.

Wa pili, Nyange. Nyange ndiye aliyekuwa dereva wa basi lile kabla ya Faki. Mwezi uliotangulia, upepo mkali na maji yamepanda kupita kawaida, alizima injini ukingoni akasema, "Leo sivuki." Bi Tima akamfukuza mbele ya abiria. Tangu siku hiyo Nyange alikaa kwake mtaa wa Mlimani, na uwanjani hakwenda, alisema amesusa. Bi Tima, mguu mmoja hauna kiatu kwa mbio, akamkuta barazani anachonga mwiko.

"Karibu, Bi Tima. Kiatu kingine kiko wapi?"

"Nyange, maneno kesho. Riziki anakufa."

"Nimesikia, maspika yalifika huku. Ila uliniambia dereva mwoga si dereva."

"Nilisema."

"Mbele ya abiria."

"Mbele ya abiria."

"Basi nikwambie kweli. Bado ni mwoga. Yale maji nayaogopa leo kuliko siku ile."

"Liendeshe na woga wako, Nyange, lakini liendeshe."

Nyange akauweka mwiko chini. "Lete ufunguo."

Basi likashuka mpaka ukingoni, Riziki amelazwa sakafuni juu ya magodoro, kichwa kwenye paja la mama yake, nesi miguuni. Na huko majini wanawake walikuwa wameingia, sare zimelowa, kila mmoja na nguzo yake. Kuzichimbia upya hapakuwa na wakati, kwa hiyo kila mwanamke alisimama mahali pa nguzo ya nyumba yake na kuishika wima. Nani aliwaonyesha mahali? Walionyeshwa siku ya harusi. Mguu wa mke wa Mkandaani hausahau. Maji magotini, maji mapajani, safu ndefu ya wanawake na maputo ya zambarau kutoka huku hadi kule.

Nyange akatoa kichwa dirishani, akaifuata safu kwa macho. Akapiga kelele.

"Kwenye kona hakuna mtu! Nguzo ya kona ni ya nani?"

Wote walijua. Kona ndipo barabara inapogeuka ghafla, na ukingo wake umemegwa na mkondo. Ukikosea pale umekwisha. Na nguzo ya kona ilikuwa ya nyumba ya Bi Tima.

"Nishusheni," Bi Tima akasema.

"Mama, usiniache," Riziki akasema, na mkono wake ulikuwa umeshika buibui kwa nguvu za mtu anayezama.

Hapo ndipo alipotokea wa tatu, Mbodze.

Mbodze alikuwa mjane wa Chande, mtoto wa kiume wa Bi Tima. Kwa kuwa ni Mmijikenda wa bara, Bi Tima hakumtaka tangu mwanzo, na hakumwonyesha nguzo. Akawatoa nyumbani yeye na mumewe, wakaenda kuishi Mchangani, nyuma ya vilima vya mchanga, ambako gari halifiki, maji ya bomba hayafiki, na hata yale maspika siku ile hayakufika. Chande aliugua huko, akafa. Bi Tima alimzika mwanawe na mkwe hakumpa mkono wa pole. Sasa Mbodze alikuwa ametokea kwenye njia ya Mchangani na mzigo wa makuti kichwani wa kuuza. Nadhiri hakuisikia. Aliona basi, aliona wanawake majini, akauliza, "Kuna nini?"

"Riziki," mmoja akajibu. "Na kona haina mtu."

Mbodze akautupa mzigo. Akaokota nguzo ya Bi Tima, iliyoletwa ukingoni ikakosa wa kuishika, yenye puto moja, akaingia majini.

"Wee! Wewe hukuonyeshwa nguzo!" mwanamke mmoja akamkaripia.

"Chande alinionyesha."

"Mwanamume haonyeshi nguzo!"

"Basi ingia wewe."

Mbodze akaenda, anapapasa kwa mguu, mpaka kwenye kona, ukingoni kabisa, maji kiunoni. Kuogelea hajui. Akaisimamisha nguzo.

Nyange akasema bismillahi, akatia gea ya chini, akakanyaga. Ndani ya maji huachii mafuta. Ukiachia, maji huingia kwenye ekzosi, injini hufa, na ikifa umekufa nayo. Basi likaingia. Na kila lilipompita mwanamke, alitaja nyumba yake, ili dereva ajue hakuruka mtu.

"Kwa Mwinyi Haji!"

"Kwa Bi Nuru!"

"Kwa fundi Mselem!"

"Kwa Bwana Kadhi!"

Sauti baada ya sauti, nyumba baada ya nyumba, mpaka kwenye kona. Mbodze akavuta pumzi, akapiga kelele kuliko wote:

"Kwa Bi Tima!"

Ndani ya basi Bi Tima aliisikia sauti ile. Aliijua. Akainamisha kichwa.

Nyange akakata kona. Basi linapokata kona majini husukuma wimbi, na wimbi likamfuata Mbodze, likampanda kifua, likampanda uso. Nyange akatazama kwenye kioo cha pembeni: mtu hayupo. Lipo puto la zambarau tu, limesimama juu ya maji, halijaenda kushoto wala kulia. Asimame? Akisimama injini inakufa na Riziki anakufa. Asisimame? Hakusimama. Alilishika puto lile kwa jicho, tairi za nyuma zikalizunguka kwa shibiri, akapita.

Wanawake wa jirani wakajitupa, wakamtoa Mbodze kwa nywele. Alikuwa hana fahamu, na nguzo hajaiachia. Walimbandua vidole kimoja kimoja.

Riziki akafika ng'ambo mzima. Akapasuliwa, akapata mtoto wa kike, mweusi, mwenye sauti ya shangazi anayedai chake. Mheshimiwa alipaa na makuti kwenye koti, jiwe lake la msingi likabaki. Mashallah, sasa wanawake wana mawe mawili ya kufulia.

Mwisho wa hadithi? Wapi. Hapa ndipo inapoanza.

Riziki alipotoka hospitali, Ijumaa baada ya swala, mji mzima ukakusanyika njia panda. Basi hilo hapo, Nyange kwenye usukani, Bi Tima kiti cha mbele na mjukuu mapajani. Pale njia panda njia ni tatu. Ya kushoto inapanda Mlimani kwa Nyange. Ya katikati inakwenda sokoni kwa Shee. Ya kulia inakwenda Mchangani kwa Mbodze, na hiyo si njia hasa, ni nia.

"Nadhiri ni nadhiri," Bi Tima akasema. "Aliyemvusha mwanangu aseme."

Nyange akashuka.

"Niondoeni mimi, mtabaki na nini? Mna safu ya wanawake majini na basi limekaa nchi kavu. Faki si alikimbia? Na msinipongeze kwa ushujaa, ushujaa sina. Mimi ni mwoga na nataka basi lilale kwa mwoga. Atakayelala na basi ndiye atakayeamka nalo, ayatazame maji, aseme leo tunavuka, leo hatuvuki. Likilala kwa mtu mwingine, siku moja mtu huyo atanigongea dirisha aniambie vuka au acha kazi. Yalinikuta. Mara ya pili huenda nikavuka, na nyinyi mko ndani."

Watu wakasema, kweli. Kijana mmoja akasema, "Lakini Nyange, ulimwacha Mbodze majini."

"Nilimwacha," Nyange akasema, "na nalala na jambo hilo kila usiku."

Shee akaja mbele, mkono umefungwa plasta, kizibao hana. Wadi ilimfukuza kazi siku ile ile, na kesi ya kuharibu mali iko mahakamani.

"Niondoeni mimi, mtabaki na nini? Dereva mzuri na wanawake mashujaa, na nguzo zote zinamtilia Mheshimiwa kivuli. Wangeingia majini wameshika nini, vipochi?"

"Wewe Shee!" bibi mmoja akapaza sauti. "Si wewe uliyezing'oa? Aliyechoma nyumba akaleta ndoo ya maji tumpe zawadi?"

"Mimi nilitangaza, bibi. Nguzo yako nani aliing'oa?"

Bibi akatazama kando.

"Nguzo yako nani aliing'oa?" Shee akamgeukia mwingine. "Na yako? Na yako? Mimi nilisema kwa mdomo, nyinyi mling'oa kwa mikono. Lakini siku ya kurudisha, aliyeshika panga mbele ya bunduki ni nani? Mkono nimetoa, kazi nimetoa. Sasa hata lawama nimeachiwa yote, na bado naulizwa nadai nini. Na mlango wangu uko sokoni, katikati. Kila mtu atalifikia basi sawasawa, wa Mlimani na wa Mchangani. Nipeni mimi, mmejipa wenyewe."

Watu wakasema, na hili nalo ni kweli. Ukweli ulianza kuwa mwingi pale, mpaka ukakera.

Kisha Mbodze. Alisimama mbali kidogo, sauti bado ina kikwaruzo cha maji ya chumvi.

"Wenzangu wamesema niondoeni mimi mtabaki na nini. Mimi siwaambii mniondoe. Mlishaniondoa."

Akapiga hatua moja mbele.

"Mtasema nadhiri sikuisikia. Sikuisikia, maspika hayafiki Mchangani. Mtasema niliyevusha si mimi, mimi nilishika mti tu. Sawa, niliushika mti. Lakini nadai, na sioni haya. Chande alipougua tulimtia kitandani, tukambeba juu ya mchanga, kutoka kule mpaka hapa, tukilitafuta basi. Mchanga ukaturudisha nyuma. Tulipofika hapa mlangoni, basi liko, dereva yuko, maji yamekupwa. Mgonjwa ndiye hayupo tena. Mama, uliniambia nimemuua mwanao. Mimi nilimbeba. Kilichomuua ni mahali basi lako linapolala. Na kule bado kuna watu."

Bi Tima alikuwa akitazama mikono yake.

Mzee mmoja wa busara za haraka akasema, "Jamani, si lilale kwa zamu tu? Wiki kwa huyu, wiki kwa yule?" Watu wakashukuru, wakageuka wakale. Lakini sheikh wa msikiti akasema, "Nadhiri ilisema mlangoni kwake. Haikusema milangoni kwao. Mlango ni mmoja." Na Nyange akaongeza, "Na barabara haijengwi kwa zamu. Hakuna atakayejaza kifusi njia ya wiki moja."

Na Riziki mwenyewe, walipomuuliza, alisema, "Mimi nilikuwa sakafuni, nimefumba macho. Nilisikia injini haikuzimika. Kabla ya hapo, kitandani zahanati, nilisikia makuti yakianguka uwanjani nikadhani ni mvua. Na nilisikia mtu akitaja jina la mama. Nikiondoa sauti moja katika hizo, sipo."

Wamebishana tangu Ijumaa hiyo. Sokoni wanabishana, kisimani wanabishana, wenye digrii barazani wametoa theory na counter-theory, maana kazi nyingine hawana. Na tazameni ujanja wa mambo: kila wanapobishana, basi liko pale pale njia panda, mlangoni kwa Bi Tima. Mji usioamua umeshaamua. Na mwezi unakua. Bamvua linakuja, na Mchangani kuna mwanamke mwingine mja mzito.

Leo asubuhi Bi Tima amechoka. Amepanda kiti cha mbele, mjukuu mapajani, amesema, "Nyange, washa." Nyange amewasha. Injini inanguruma, njia tatu ziko mbele ya kioo. Nyange amemuuliza, "Nipinde wapi, Bi Tima?" Bi Tima ameshusha dirisha, amegeuka, anawatazama nyinyi mliokaa hapo mkinisikiliza na vikombe vya kahawa mikononi.

Haya, semeni, mafuta yanaungua: usukani upinde wapi, na leo basi likalale mlangoni kwa nani?